Mgeni wa Siku ya Hamsini

Wahenga walituachia kanuni fupi ya ukarimu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapo wanaoisoma kanuni hii kama dalili ya uchoyo. Mimi naisoma kama hesabu ya ghala. Katika nyanda hizi za kati, ambako mvua ni chache na ambako Wagogo waliipa jina la Mtunya ile njaa kuu iliyowakumba mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kila mtu alijua kwamba chakula cha mgeni hutoka katika akiba yenye mwisho. Siku ya kwanza na ya pili mgeni ni baraka. Siku ya tatu anaanza kula jasho la mwenyeji, na heshima yake yeye mwenyewe inamtaka ashike mpini.

Hoteli kubwa za dunia zimeipindua kanuni hiyo. Kwao, mgeni wa siku ya tatu ni mtu wa kawaida tu. Mgeni wa siku ya kumi anapewa kadi ya Fedha. Wa siku ya ishirini na tano anapewa ya Dhahabu. Wa siku ya hamsini anaongezewa ukubwa wa chumba, anaruhusiwa kuchelewa kutoka na anaitwa kwa jina akiwa bado mlangoni. Kadiri anavyokaa mbali na nyumbani kwake ndivyo anavyoheshimiwa, na jembe halitajwi kabisa.

Ingekuwa ni biashara kati ya tajiri na hoteli yake, nisingepoteza wino. Kila mtu na fedha zake. Lakini katika nchi yetu, na hasa katika mji huu wa Dodoma unaoishi kwa safari za Serikali, lazima tuulize swali ambalo halimo katika waraka wowote niliowahi kuusoma: usiku ule hamsini, nani aliulipia?

Nianze na kukiri

Sitaki kuonekana nanyooshea wengine kidole huku vitatu vikinielekea mimi. Ninayo kadi hiyo. Ni ya hoteli zenye jina kubwa, ambazo sitazitaja, na rangi yake ni ya dhahabu. Nilipoipata nilifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya sikukuu. Niliiweka mbele kabisa katika pochi, mbele ya kitambulisho cha taifa.

Siku moja niliketi na kuhesabu. Katika mwaka ule nilikuwa nimelala katika hoteli za kundi hilo usiku 27. Usiku wawili tu niliulipia mwenyewe, nilipompeleka mke wangu Zanzibar. Mwingine wote, usiku 25, ulilipwa na chuo, na miradi ya utafiti, na wizara zilizoniita kutoa mada. Dhahabu yangu, kwa hiyo, ilichimbwa katika machimbo ya watu wengine.

Aliyenifumbua macho hakuwa profesa wala mkaguzi wa hesabu. Alikuwa dereva. Tulifika Dar es Salaam jioni, baada ya safari ndefu kutoka Dodoma. Mhudumu wa mapokezi akaitazama kadi yangu, akatabasamu, akasema nimepandishwa hadi chumba chenye sebule. Dereva alikuwa nyuma yangu, ameshika begi langu. Akaliweka chini taratibu, akasema: "Haya, Dokta, usiku mwema. Mimi nakwenda Manzese. Saa kumi na mbili asubuhi utanikuta hapa nje." Sikuona tatizo lolote. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote.

Siku ya kurudi, tulipopita Gairo, akaniuliza: "Samahani, Dokta. Ile kadi inatolewa kwa nini hasa?"

Nikamjibu: "Kwa kulala, mzee wangu. Ukilala sana wanakupa."

Akanyamaza mpaka tulipokaribia Mbande. Kisha akasema, bila uchungu wowote katika sauti: "Basi mimi nimelala nje ya nyumba yangu kuliko ninyi wote ninaowaendesha. Sasa ya kwangu inatolewa wapi?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio langu la kumjibu, nikiwa nimechelewa.

Mtambo unavyofanya kazi

Tuuelewe kwanza mtambo wenyewe, maana ni werevu mtupu. Ulianza angani. Mwezi Mei 1981 shirika la ndege la American Airlines lilizindua mpango wa kuwahesabia abiria wake maili walizoruka na kuwarudishia baadhi kwa njia ya tiketi. Hoteli hazikuchelewa: Holiday Inn na Marriott zilianzisha mipango yao mwaka 1983, na Hilton mwaka 1987. Leo mpango wa Marriott pekee, uitwao Bonvoy tangu 2019, una wanachama zaidi ya milioni 200, yaani watu wengi kuliko raia wa Tanzania, Kenya na Uganda tukijumlishwa pamoja.

Mpango una sarafu mbili. Sarafu ya kwanza ni pointi. Katika hoteli nyingi za Bonvoy mwanachama hupata pointi 10 kwa kila dola ya Marekani inayotumika, na baadaye huzibadili kwa usiku wa bure. Sarafu ya pili ni hadhi, na hiyo hainunuliwi kwa pointi bali kwa idadi ya usiku: 10 kwa Fedha, 25 kwa Dhahabu, 50 kwa Platini, 75 kwa Titani. Kileleni yupo anayeitwa Balozi, ambaye lazima alale usiku 100 na kutumia dola 23,000 katika mwaka mmoja. Hadhi nayo huzaa pointi: mwenye Dhahabu huongezewa asilimia 25 juu ya zile za kawaida, mwenye Platini asilimia 50. Aliye nacho huongezewa.

Kisha tazama ujanja wa tarehe. Mwaka ukiisha, hesabu ya usiku huanza upya. Mwenye hadhi ya Dhahabu ambaye mwezi Novemba amebakiza usiku mitatu kuilinda huanza kutafuta safari. Mtambo umeundwa ili atafute. Hapo ndipo akili ya mtumishi wa umma inapoanza kutumikia waajiri wawili bila yeye kujua.

Wala tusidhani kwamba pointi ni ukarimu. Katika vitabu vya kampuni pointi ni deni, lakini ni deni ambalo mdaiwa ndiye anayepanga thamani yake. Mwezi Machi 2022 Marriott iliachana na jedwali lililokuwa likimwambia mgeni chumba gani kinahitaji pointi ngapi. Tangu hapo bei hupanda na kushuka kadiri kampuni inavyoona. Pointi zako zikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote, zinafutika. Mashirika ya ndege nayo yalituonyesha mwaka 2020, wakati wa korona, thamani ya mali hii: United ilikopa mabilioni ya dola kwa kuweka rehani mpango wake wa maili. Benki zilizokubali dhamana hiyo zilijua zinachokifanya. Anayedhani anaifaidi hoteli kwa kupewa bakuli la matunda chumbani ndiye asiyejua.

Liko pia suala la taarifa, nalipita haraka ingawa si dogo. Mwezi Novemba 2018 Marriott ilitangaza kwamba kanzidata ya wageni wa hoteli za Starwood, iliyozinunua mwaka 2016, ilikuwa imedukuliwa kwa miaka kadhaa, zikachukuliwa taarifa za mamia ya mamilioni ya wageni, namba za pasipoti zikiwemo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Je, kuna aliyewahi kufikiri maana ya maofisa wetu kuandika, usiku kwa usiku, walikolala na lini, katika daftari lililo ng'ambo?

Dodoma, mji wa usiku wa kulipiwa

Mtu ataniambia: Daktari, hayo ni ya Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, kwenye hoteli zenye majina ya Kizungu. Hapa kwetu nyumba nyingi za wageni hazina kadi wala pointi. Ni kweli. Lakini mpango upo, umeandikwa moyoni badala ya kwenye plastiki.

Kila anayeishi Dodoma anaujua. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa. Uhamisho wenyewe ukapata nguvu Julai 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Katika kipindi hicho chote, Dodoma imekuwa mji wa wageni rasmi. Bunge likianza, bei ya chumba inabadilika. Kumbuka mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokutana hapa: kabla hata ya kujadili ibara moja ya rasimu, taifa zima lilikuwa likijadili iwapo shilingi 300,000 kwa siku zinamtosha mjumbe. Kamati iliundwa kulitazama jambo hilo. Wananchi walitazama pia, na wengi hawajasahau.

Katika mji kama huu hoteli haimwindi mlalaji mmoja mmoja. Inamwinda ofisa anayeamua warsha ya watu arobaini ifanyike wapi. Huyo ndiye Balozi wetu, hata kama hana kadi. Atapewa "ahsante" ndani ya bahasha, atawekewa chumba cha bure siku ya harusi ya mdogo wake, atachinjiwa mbuzi. Hilo tunaliita kwa jina lake, rushwa, na ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Sasa fikiri: kampuni kadhaa kubwa za hoteli huwapa waandaaji wa mikutano pointi kwa kila dola ambayo mkutano umeitumia. Ofisa yule yule, uamuzi ule ule, fedha zile zile za umma. Bahasha imegeuka tarakimu katika simu yake. Je, dhambi imebadilika kwa sababu karatasi imebadilika?

Swali hili ndilo kiini cha hoja yangu. Hongo ya kijijini ina harufu ya mbuzi, tunaitambua kutoka mbali. Hongo iliyovaa suti, yenye masharti ya kurasa thelathini na barua pepe ya kukupongeza, tunaiita huduma kwa wateja.

Pingamizi, na majibu yangu

Pingamizi la kwanza ndilo zito kuliko yote, na sitalikwepa. Linasema hivi: posho ya kujikimu hutolewa kwa mkupuo. Tangu Julai 2022 kiwango cha chini kimepanda kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000 kwa siku, na cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000. Mtumishi akishapewa, fedha ni zake. Akilala kwa shemeji Nkuhungu na kula mihogo, akiba ni yake. Akilala kwenye hoteli ya kadi, pointi ni zake vilevile.

Nakubali. Aliyelipa kwa posho yake aliyopewa kihalali, katika safari iliyokuwa ya lazima, achukue pointi zake kwa amani. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko mahali patatu. Kwanza, pale taasisi au mfadhili anapoilipa hoteli moja kwa moja, na mlalaji akajaza namba yake ya uanachama kwenye fomu. Pili, pale mtumishi anapochagua ukumbi na vyumba vya watu wengine kisha pointi zikaja kwake. Tatu, pale safari yenyewe inapozaliwa au kurefushwa ili usiku utimie. Katika mambo haya matatu, kinachokusanywa ni punguzo la bei ambalo mnunuzi halisi, yaani umma, alistahili kupewa.

Angalia neno hilo: punguzo. Muuza nyanya wa Majengo akikuongezea mbili juu ya fungu kwa sababu wewe ni mteja wake wa siku zote, zile mbili huingia kapuni pamoja na zilizonunuliwa. Msichana wa kazi aliyetumwa sokoni na mama mwenye nyumba hazifichi mfukoni akisema ni zake kwa kuwa miguu iliyotembea ni yake. Na akifanya hivyo, sisi wenye shahada ndio tungekuwa wa kwanza kumwita mwizi.

Pingamizi la pili: safari zinachosha, mtumishi astahili faraja kidogo. Zinachosha kweli. Ndiyo maana ipo posho. Kama posho haitoshi, tudai iongezwe hadharani, katika bajeti, mbele ya walipa kodi. Isitoshe, faraja hii humwendea nani? Dereva niliyemtaja amechoka kuliko mimi. Mtunza kumbukumbu aliyeandaa makabrasha usiku kucha hakusafiri kabisa. Mpango huu unamfariji aliyekwisha kufarijiwa.

Pingamizi la tatu: ni jambo dogo, nenda kawaandame wezi wakubwa. Basi tufanye hesabu. Ofisa wa kiwango cha juu akilala usiku 50 kwa 250,000, umma umetoa shilingi 12,500,000. Mwanafunzi wangu anayepata mkopo kamili hupewa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Fedha za usiku 50 wa ofisa mmoja zingemlisha na kumlaza mwanafunzi huyo siku 1,250, zaidi ya miaka mitatu mfululizo. Sisemi safari zote ni za bure. Nchi kubwa kama hii haiendeshwi kwa simu. Nasema kwamba chochote kinachomfanya ofisa atamani usiku wa 51 si jambo dogo.

Wala si dhana yangu tu kwamba posho hubadili mwenendo wa watumishi. Mwaka 2012 shirika la maendeleo la Norway, Norad, lilichapisha utafiti kuhusu posho za safari katika nchi tatu, Ethiopia, Malawi na Tanzania, na jina lake kwa Kiingereza lilizungumzia uwindaji wa posho. Tuliitwa wawindaji, nasi hatukukasirika vya kutosha.

Wenzetu walifanyaje

Ujerumani, Julai 2002. Magazeti yalifichua kwamba wanasiasa walikuwa wametumia kwa safari binafsi maili walizozikusanya katika safari za kazi. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, alijiuzulu. Cem Özdemir, mbunge kijana wa chama cha Kijani, naye aliachia nafasi yake. Hakuna aliyeiba gari wala kujenga ghorofa. Ni maili tu. Lakini kanuni ilikuwa wazi kwamba faida ya safari ya umma ni ya umma, na walioivunja walilipa kwa vyeo. Özdemir alirudi baadaye, na mwishoni mwa 2021 akawa waziri wa kilimo wa taifa. Uwajibikaji haukumuua; ulimsafisha.

Marekani walikwenda njia nyingine. Kwa miaka mingi maili za mtumishi wa serikali kuu zilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Desemba 2001 sheria ilibadilishwa, na tangu hapo mtumishi anaruhusiwa kubaki nazo. Hoja zao zilikuwa kwamba usimamizi wake ni mgumu, na kwamba sekta binafsi inawaruhusu wafanyakazi wake. Siafiki uamuzi huo, lakini nauheshimu kwa jambo moja: waliamua. Walikaa, wakajadili, wakaandika sheria.

Sisi hatujawaruhusu watumishi wetu waziwazi wala hatujawakataza waziwazi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inagusa zawadi na kuzitamka. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaeleza safari na posho. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inashughulikia mgongano wa masilahi. Katikati ya sheria hizi zote pointi zinapita kama maji katikati ya vidole, kwa sababu hakuna anayeulizwa: je, usiku ule ulikupa nini zaidi ya usingizi?

Kumbukumbu tuliyoizika

Inashangaza kwamba tumefika hapa, maana taifa hili lilianza na wivu mkali juu ya jambo hili hasa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni na kuwa na nyumba za kupangisha. Unaweza kulibishia Azimio katika uchumi, na mimi hulibishia darasani. Lakini lilijua jambo moja kuhusu moyo wa binadamu: kiongozi akishalipwa na wawili, atamtumikia anayelipa kwa utamu zaidi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaongeza onyo dhidi ya majivuno na dharau za viongozi kwa wale wanaowaongoza. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likaja kuyalegeza masharti hayo, na tangu hapo tumekuwa tukilegea.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Watu waliwaita naizesheni wale waliorithi viti vya wakoloni pamoja na mito yake. Wakawaita wabenzi, kwa gari walilopanda. Wakaja kuwaita vigogo. Kila kizazi kimelipa jina tabaka lake la juu, na kila jina lilikuwa na meno. Kizazi chetu ndicho cha kwanza kuikubali lugha ya tabaka hilo lenyewe: Fedha, Dhahabu, Platini. Tumeacha kuwacheka. Tunaomba kujiunga.

Hapa nawageukia wanafunzi wangu. Tatizo la hadhi ya kukodi si pointi peke yake. Hadhi hiyo haina maana bila mtu wa kuizidi. Chumba cha kifahari hakiwi cha kifahari mpaka kiwepo cha kawaida; foleni ya wenye kadi haina raha mpaka iwepo ndefu pembeni yake. Ofisa akizoea kupita foleni hotelini, ataona ajabu kwa nini apange foleni hospitali ya mkoa, benki au kituo cha mabasi. Akizoea kuitwa kwa jina na mtu aliyelipwa kumwita, atasahau tofauti kati ya heshima na huduma. Kisha mwananchi wa Bahi atafika mezani kwake na faili la ardhi, bila kadi yoyote.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Sipendi makala zinazolia bila kupendekeza. Haya manne hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi wa umma itoe waraka wa ukurasa mmoja: pointi, maili au hadhi inayotokana na malipo yaliyofanywa moja kwa moja na taasisi ya umma ni mali ya taasisi hiyo, na zitumike kupunguza gharama za safari zinazofuata. Pasipowezekana kuzihamishia kwenye taasisi, zisikusanywe, na badala yake hoteli iombwe punguzo la bei.

Pili, ofisa anayeshiriki kuchagua hoteli au ukumbi apigwe marufuku kupokea pointi za mwandaaji. Hapa kusiwe na mjadala.

Tatu, fomu ya kurejesha masurufu iongezwe mstari mmoja: je, safari hii imekupatia pointi, maili au punguzo binafsi? Mstari mmoja tu. Mtu mwaminifu ataujaza. Asiye mwaminifu atakuwa amesaini uongo, na mkaguzi atajua pa kuanzia.

Nne, tupunguze usiku wenyewe. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa chini ya saa nne. Kikao cha saa tatu hakihitaji tena usiku mbili. Rais Magufuli alipoingia madarakani mwishoni mwa 2015 alibana safari za nje na kuagiza mikutano ihamie katika kumbi za Serikali. Yapo mengi ninayopingana naye katika utawala wake, na niliyaandika. Hili alikuwa sahihi, ingawa lilitegemea hofu ya mtu mmoja na hofu haiandiki kanuni. Ndiyo maana limeyeyuka.

Na mimi je? Niliiandikia idara yangu barua. Nilieleza idadi ya usiku, nani aliulipia, na pointi zilizobaki. Niliomba mwongozo. Jibu nililopata kwa mdomo lilikuwa kicheko na maneno haya: "Dokta, hilo nalo umelitoa wapi? Tumia tu." Barua haijajibiwa kwa maandishi hadi leo. Basi nimeacha kujaza namba yangu ninapolipiwa na umma. Mwaka ukiisha nitashushwa daraja, na nitarudi kuwa mgeni wa kawaida.

Yule dereva amestaafu. Nilimpigia simu kumsalimu. Yuko kwao Kongwa, analima mtama na alizeti. Baada ya miaka mingi ya kulala katika nyumba za watu, sasa anaamkia kwenye jembe lake mwenyewe. Nikamwambia nimeandika kuhusu swali lake. Akacheka, akaniuliza kama nimepata jibu.

Nikamwambia bado, mzee wangu. Nimelipeleka kwa wenye mamlaka. Nanyi mnaosoma, wengi wenu mkiwa ofisini Mtumba wakati huu, mnajua mamlaka hayo yanakaa ghorofa ya ngapi. Panda ngazi, ndugu yangu. Peleka swali.